Mgeni Ndani ya Jungu

Cheka. Endelea tu kucheka, meno yapate upepo. Nani kakudanganya kwamba jini ni lazima akae pangoni akingoja wajinga wapite? Jini hukaa penye kupuuzwa, akala, akanenepa, akajamba humohumo. Kama huamini, usisikilize, nenda kanywe maji yako ulale. Ila ukibaki hapa hadi mwisho, hayo maji utayanusa kwanza.

Palikuwa na ofisi ya maji. Juu ghorofani mwake kulikuwa na chumba kirefu kisicho na dirisha hata la kutolea pumzi, na humo alifanya kazi mwanamke mmoja mtu mzima, mwembamba wa mwili na mkali wa mdomo. Wenzake walimwita Mama Kengele. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini kubwa ya ukutani na kungoja kengele ilie.

Maana ofisi hiyo ilishaacha mambo ya kupandisha watu ngazi kuchungulia matangi. Kila tangi la mji lilitiwa vipimo, na kila tangi likapewa programu yake ndogo, imefungiwa peke yake ndani ya kompyuta kubwa, kama mke mwenza na chumba chake. Hizo programu zilizofungiwa waliziita makontena. Kazi ya kontena ni kusema bila kupumzika: maji ni kiasi gani, ni safi au machafu, na mimi mwenyewe niko hai. Maneno ya makontena yote yakamiminwa mahali pamoja, pakaitwa Jungu. Skrini hulisoma Jungu. Likionekana neno baya, kengele hulia. Basi. Ni sawa na mama aliyekaa sebuleni, masikio yake nyumba nzima, anajua mtoto yupi analia na yupi kanyamaza kwa sababu yuko kwenye kopo la sukari.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Asubuhi hiyo Mama Kengele alilifuta kontena la tangi la kilimani, maana lilikuwa limezeeka na jipya lilikuwa tayari. Alilifuta kwa mkono wake, akaliona limetoweka. Akageuka kufuta miwani. Alipoirudisha usoni, skrini ilikuwa imeandika:

Tangi la kilimani. Maji safi. Niko hai.

"Fundi," akaita, "lile jipya umeshaliwasha?"

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamume mnene wa manukato mengi, aliyependa sana kuitwa mhandisi, na hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa yeye mwenyewe kwenye simu.

"Bado, Mama. Nitaliwasha nikishakula."

"Basi hili linalosema ni la nani?"

"Masalia tu hayo. Maneno ya nyuma hayajaisha kufika. Kwani wewe ukishapika, harufu si hubaki jikoni?"

Harufu kweli ilikuwepo, ila haikuwa ya jikoni. Ilikuwa ya tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo, na chini ya hiyo kulikuwa na nyingine, ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi na mswaki hajauona tangu azaliwe. Mama Kengele akanusa kwapa lake. Halikuwa lake. Akanusa zulia, akajuta.

Akalifuta kontena tena. Likarudi. Akafuta, likarudi. Na kabla ya chakula cha mchana likaongeza neno.

Niko hai. Maji safi. Naoga.

"Wee Fundi! Njoo usome."

Fundi akaja akitafuna, akasoma, akacheka kidogo kwa pua. "Programu imechanganyikiwa."

"Programu inaoga?"

"Mama, nawe! Ni maneno tu."

Niko hai. Maji safi. Nanawa miguu.

Niko hai. Maji safi. Nasukutua.

Fundi akaacha kutafuna. Alikuwa na tonge mdomoni, na hakujua alimeze au alitoe.

Halafu makontena ya jirani yakaanza kuharibika maneno. Tangi la sokoni likitaka kusema, sentensi yake ilifika nusu, imeng'atwa pembeni kama mkate ulioliwa na panya, na mahali palipong'atwa paliandikwa safi. Tangi la shule likang'atwa hivyohivyo. Yule aliyekuwa ndani ya Jungu alikuwa anakula maneno ya wenzake na kuyatema. Chini ya skrini, ukutani, ukachuruzika uteute wa manjano. Mama Kengele, kwa ule ubishi wake, akaugusa kwa ncha ya kidole. Ulikuwa na joto. Ukavutika kama kamasi hadi kwenye meza, na ulipokatika ukarudi ukutani wenyewe, ukapanda juu.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyerudi kujifungulia nyumbani kwa mama. Na nyumba yao iko kilimani.

"Mama, maji ya bomba leo yana nini?"

"Yana nini?" akauliza.

"Yana nywele. Nimevuta moja kwenye bomba, ndefu, nikaizungusha mkononi kama uzi na haiishi. Nikaikata kwa kisu."

"Umekunywa?"

"Tangu asubuhi. Mama, sishibi. Kila nikinywa kiu inazidi. Nimeacha glasi, sasa nanywea jagi." Mama Kengele akamsikia akimeza, gububu, gububu, kama ng'ombe kwenye hori. "Na mtoto hachezi leo. Hajacheza kabisa."

"Weka hilo jagi chini!"

"Siwezi," akanong'ona binti, akilia na kumeza kwa pamoja. "Mama, mkono haunisikii."

Skrini ikaandika, na herufi zake sasa zilikuwa na majimaji:

Niko hai. Humu pana joto. Humu pana mwenzangu mdogo.

Mama Kengele akaishika simu tena.

Bosi akaingia wakati huohuo, tai shingoni, akatazama ukutani. Skrini yote ilikuwa kijani, maana kila aliyekuwa na la kusema alikuwa ameshatafunwa hadi kwenye neno safi.

"Safi kabisa!" akasema. "Wageni wangu wakija waione hivihivi. Mbona mmenuna?"

"Bosi, hunusi?"

Bosi akaweka leso puani. "Kunusa nanusa. Lakini skrini ni kijani." Akatoka upesi kuliko alivyoingia.

Mama Kengele alikuwa tayari anampigia wifi yake. Huyo wifi alikuwa mtabibu wa watu waliopagawa, mwanamke mfupi asiyecheka hovyo. Alikuja na mfuko wake begani, akafika mlangoni, akavuta pumzi moja, akageuka akatapikia chungu cha maua.

"Wifi," akasema akijipangusa, "mnafuga nini humu ndani?"

"Ningejua ningekuita? Mwanangu anakufa kwa kunywa. Fanya kitu."

Wifi hakufungua hata mfuko. Alitazama ule uteute unaopanda ukuta, kisha akauliza swali moja tu. "Nani alimwambia karibu?"

Hapo Fundi akaanza kujikuna shingo. Ikabidi aseme, kwa sauti ya chini kama mtu anayesikilizwa na ukuta. Zamani Jungu lilikuwa linaliuliza kila kontena, wewe nani, kabla ya kupokea neno lake. Hilo lilichelewesha kazi. Basi akaliambia lipokee wote, asiulizwe mtu. Na usiku, kwenye zamu yake, Mama Kengele akiwa kwake kalala, kengele ya tangi la kilimani ilikuwa inalia mno, maji machafu, maji machafu, na wageni wa Bosi walikuwa njiani, akaizima hiyo moja ili skrini isiwe nyekundu.

"Nilitaka kuiwasha tena," akasema. "Nikapitiwa."

"Hukupitiwa," akasema wifi. "Ulimziba mdomo aliyekuwa analia, ukamfungulia mlango asiyebisha hodi. Huyo jini alikuwa kwenye uchafu wake kule tangini, kasikia karibu, kaja. Mimi wa kuvunja mlango namweza. Aliyekaribishwa simwezi. Huyo hutolewa na mwenyeji wake, kwa mdomo wake mwenyewe."

Akavuta mfuko wake. Mama Kengele akamfuata hadi kwenye korido, na huko wifi akamshika kiwiko, akamsemea sikioni.

"Akitolewa, lazima apate pa kukaa. Hurudi kwa mwenyeji wake. Nimekwambia wewe peke yako, wifi yangu. Mwambie au usimwambie, shauri yako."

Akashuka ngazi bila kutazama nyuma.

Mama Kengele alirudi ndani akiwa na nia ya kumwonya Fundi, wewe usimwonee huyu mama. Yule naye ni mtoto wa mtu, ana mke, ana mama yake mahali. Akavuta kiti karibu na meza ya Fundi, mguu ukagonga kitu. Akainama. Chini ya meza palikuwa na chupa za maji ya dukani, zimepangwa vizuri, zimefunikwa kwa koti.

"Hizi ni za nini?"

"Aa, Mama, mimi tumbo langu huwa..."

"Za nini?"

Fundi akatazama kibodi. "Tangu ile kengele ianze kulia. Nyumbani pia nimemkataza mke wangu maji ya bomba."

"Na mimi unajua nakaa wapi."

"Kilimani."

"Na mwanangu unajua ana mimba. Ulikuja ukala kwangu, ukamshika tumbo, ukasema atazaa dume."

Fundi akalisukuma koti kwa mguu, lizifunike chupa tena.

"Uliniambia?"

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta ya chakula. Mama Kengele akaitazama ile midomo mpaka akahisi nyongo imempanda kooni, chungu, na huko kooni ikakutana na yale maneno ya wifi. Akameza vyote pamoja.

"Haya," akasema. "Mtoe."

Fundi akabonyeza, vidole vikiteleza, akaliambia Jungu lipokee wanaojulikana tu. Kisha akasimama mbele ya skrini, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kuvunjikavunjika, "Toka. Si mgeni wangu tena. Toka."

Kwanza hakuna kilichotokea, isipokuwa ile harufu ilinyamaza kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha skrini ikatuna katikati, ikatuna kama shavu la mtu anayetaka kutapika, na kwenye matundu yote ya mashine, yale madogo ya kupitishia hewa, zikaanza kutoka nywele, nyeusi, zimelowa, zimeshikana na mabonge ya utando wa kijani, zikashuka mezani, zikashuka kwenye zulia, na nyuma yake yakaja maji mazito yaliyokuwa na vipande vya maneno ndani yake, mach, chaf, si sa, kama makombo ya chakula kwenye maji ya kuoshea vyombo, na hayo maji hayakutawanyika kama maji mengine yanavyotawanyika, yalikwenda mstari mmoja hadi kwenye viatu vya Fundi, yakapanda soksi, yakapanda suruali, yakapanda shati kifungo baada ya kifungo kwa adabu zote, na Fundi, aliyekuwa amefungua mdomo apige kelele, hakuwahi kuufunga.

Alikaa chini taratibu.

Ndipo kengele ikalia, tangi la kilimani, tangi la sokoni, tangi la shule, zote kwa pamoja, skrini nzima nyekundu kama jipu lililopasuka. Mama Kengele akawapigia wafunga valvu: "Fungeni maji ya mji mzima. Sasa hivi. Ndiyo, nimesema mimi." Kabla hajashusha simu, binti yake akapiga.

"Mama, nimetapika. Ndoo imejaa, nyeusi, na minywele, sijui..." Alikuwa anahema. "Mama! Kanipiga teke! Kanipiga teke hilo!"

"Usinywe kitu. Usiguse hiyo ndoo. Nakuja."

Fundi alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Lilikuwa linacheza chini ya shati, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mama," akasema, na sauti ilitoka na mapovu. "Kuna kitu kinajisugua humu ndani. Kinajisugua mgongo. Mama, usiniache nacho peke yangu, nakuomba."

Mlango ukasukumwa, Bosi akaingia mbio na leso yake.

"Nani kaharibu? Nani kaweka wekundu? Fundi, rudisha kijani upesi, wageni wako kwenye ngazi!"

Fundi akamgeukia, akafungua mdomo amjibu. Kilichotoka kilimfikia Bosi kwenye tai.

Mama Kengele akachukua mkoba wake, akainua sketi kidogo asilowe, akalizunguka dimbwi, akapita katikati yao bila kuaga. Akatoka, akafunga mlango.