Aliyetunza Ubeti wa Tatu

Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi si mahali pa kumtazama mtu usoni. Unatazama miguu yako, unatazama mkoba wako, na unatega sikio kwa mkokoteni unaokujia kwa nyuma. Ndiyo maana Severa hakumwona kijana alipoingia dukani. Aliona kwanza alichobeba: sanduku jeusi, pana upande huu, jembamba upande ule, amelikumbatia kifuani kama mtoto anayevushwa barabara.

"Kaka, hiyo meza ya kukunja iweke chini, utaniangushia majora."

"Si meza, dada. Ni ganuni."

"Ganuni ndiyo nini?"

"Chombo cha muziki. Nyuzi sabini na kitu, na zote zina wivu. Ukiusahau mmoja, zinanuna zote."

Severa akainua macho. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi kwenye viwiko, ndevu zimechongwa vizuri, na ananukia udi kwenye duka ambalo tangu asubuhi lilinuka rangi ya vitambaa vipya. Yeye mwenyewe alivaa gauni la kitenge la rangi ya ndizi mbivu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na ghafla akakumbuka kwamba hakuwa amejitazama kwenye kioo tangu alfajiri.

Kijana aliitwa Ubeid. Kikundi chao cha taarabu kilitaka sare, watu kumi na wanne.

"Rangi gani?"

"Unayoipenda wewe."

"Mimi sipigi taarabu."

"Utakuja kusikiliza. Lazima upende unachokitazama."

"Maneno hayo unauza kwa mita au kwa jora zima?"

Hashimu, fundi cherehani aliyekaa na mashine yake kwenye baraza ya duka, alisimamisha pedeli. "Dada Severa, muuzie aondoke. Huyu akikaa dakika tano zaidi utampa kitambaa bure."

Hakumpa bure. Alimpa namba ya simu.

Miezi saba ikapita kama mtu anayekimbilia kivuko cha Magogoni. Jumapili Ubeid alikuwa akiwachukua, Severa na binti yake Angela wa miaka minne, kuzunguka mji ambao Severa aliishi ndani yake miaka kumi bila kuuona. Waliona maonyesho ya picha za kuchora mjini, sinema ya Kihindi iliyowaliza wote watatu, ngoma za Wachina, kahawa ya Wahabeshi iliyochomwa mbele ya macho yao. "Bongo hii dunia nzima imehamia," Ubeid alikuwa akisema, "wewe umejifungia na majora." Siku za kazi zilikuwa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nasubiri kuambiwa karibu."

"Karibu. Kimebaki kisahani na kijiko."

Lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na jambo, na Ubeid hakulificha. Mama yake, Bi Thuraya, mjane mwenye duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu, alikuwa amesikia habari za Severa na akasema maneno yake: mwanamke wa dini nyingine, wa kabila la mbali, na tayari ana mtoto, mlango huo kwake umefungwa.

"Ila amekubali kukuona," Ubeid alisema. "Jumapili tunapiga kwenye tamasha la utamaduni, kule bustanini nyuma ya Posta. Atakuja. Ijumaa baada ya swala wajomba zangu wanakaa. Mama akisema ndiyo, posa inakwenda kwenu Rombo. Akisema hapana, Severa, sitakuzungusha. Mimi ni mtoto wake pekee."

"Nifanye nini hiyo Jumapili?"

"Usifanye kitu. Uwe wewe. Ukipenda muziki, njoo utunze kwa noti, ndiyo heshima yetu wapigaji."

Hayo tu ndiyo aliyomwambia. Mtu aliyezaliwa ndani ya taarabu hakumbuki kwamba inafundishwa.

Jumapili alasiri bustani ilijaa. Mabanda ya balozi yamepangwa kando ya ua, Waturuki wanagawa peremende za unga, watalii wamekaa kwenye nyasi na watoto wao wekundu wa jua. Severa alimwacha Angela kwa jirani, akavaa gauni la bluu aliloshonewa na Hashimu, na nywele akasuka njia moja. Bi Thuraya alikuwa meza ya mbele na mashoga zake, baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mwimbaji akafika ubeti wa tatu:

*Mlango umeufunga, komeo umelitia,*
*Mgeni hakujivunga, ndani amejikalia.*

Ndipo ganuni ikapewa nafasi peke yake. Vidole vya Ubeid vikashuka juu ya nyuzi kama mvua ya kwanza kwenye bati, na Severa akajikuta amesimama. Alikwenda kama wanavyokwenda kwao kwenye sherehe za harusi, pole pole, kwa mwendo wa muziki, noti ya elfu kumi imeinuliwa juu. Na kama wanavyofanya kwao, alipopita mbele ya mzazi aligeuka, akamwinulia ile noti, akatabasamu, akainamisha kichwa. Kisha akaiweka kifuani mwa Ubeid.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake walisimama, wengine wakapiga meza. Severa alirudi kwenye kiti chake moyo ukimwenda mbio kwa furaha. Wamenipenda, alijiambia. Alipotazama mbele, kiti cha Bi Thuraya kilikuwa kitupu.

Simu ya Ubeid ilikuja magharibi, Severa akimwosha Angela miguu.

"Mama aliondoka mapema, anaumwa?" Severa akawahi kuuliza.

Ubeid akajibu: "Severa, usinifanyie hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Nilikwambia siri ya nyumbani kwetu. Nilikwambia mama alivyosema kuhusu wewe na mtoto. Ukaenda kumjibu mbele za watu."

"Kumjibu nani? Mimi nimekutunza wewe."

"Ubeti wa tatu, Severa. Noti juu, macho kwa mama, na unatabasamu."

"Nilikuwa namsalimia."

"Kila mtu pale alijua ulichokuwa unafanya."

"Kasoro mimi."

"Siwezi kuongea sasa," alisema, na simu ikakatika.

Angela alitoa mguu kwenye beseni. "Mjomba Ubeid haji?"

"Leo haji, mama. Lete mguu wa pili."

Jumatatu asubuhi Hashimu hakukanyaga pedeli. Alimwita Severa barazani, akampa simu yake. Mtu alikuwa amerekodi. Severa alijiona anapita na gauni lake la bluu, anatabasamu, na chini yake maandishi: *Mchagga ampasha mama mkwe mtarajiwa, Kariakoo yatikisika*. Watu elfu ishirini walikuwa wameshatazama.

"Dada yangu, kwani hukujua?"

"Kujua nini, Hashimu? Niambie kama unamwambia mtoto."

"Wimbo wa taarabu ni barua isiyo na anwani. Anayeinuka kutunza ndiye anayeandika anwani. Ukitunza ubeti, umeusema wewe. Ukimtazama mtu, umemsema yeye. Sasa wewe ulimchagulia mama wa watu ubeti wa mlango na komeo, ukaenda ukamwonyesha na noti." Akachukua simu yake. "Mimi nilidhani una ujasiri wa simba."

Severa alikaa juu ya jora. Alimpigia Ubeid mara tatu, haikupokelewa. Alituma ujumbe: *Sikujua.* Ukasomwa, haukujibiwa. Ijumaa ilikuwa mbele yake kama ukuta.

Mchana akampigia mama yake, Rombo.

"Mama, mtu akimkosea mzazi wa mwenzake anafanya nini?"

"Amemkosea kwa mdomo au kwa mkono?"

"Kwa noti."

Mama yake hakucheka. Alisikiliza habari yote, akavuta pumzi. "Nitakutumia isale kwa basi, lile jani letu la kuombea msamaha. Lakini ulipeleke mwenyewe. Usimtume mtu."

Jumatano Ubeid akatokea dukani. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala, shati halijapigwa pasi. Hashimu akainama kwenye mshono wake kama mtu aliyezibwa masikio, lakini mashine haikulia.

"Hashimu amenieleza," Ubeid alisema. "Sikufikiria kwamba hujui. Kosa langu."

"Kosa lako si hilo."

"Ni lipi?"

"Miezi saba, Ubeid. Umekaa jikoni kwangu, umenisikia nikiongea na wateja, na jirani, na mtoto. Umewahi kunisikia nikimtukana mtu mzima?"

"Sijawahi."

"Halafu siku moja ukaona noti, ukaamini noti. Mimi ukaniacha siku tatu kwenye simu."

"Nitakwenda kwa mama leo hii, nimwambie..."

"Hutamwambia kitu. Kosa nimelifanya mimi mbele za watu, nitalipeleka mimi. Na lako lipo pale pale, usidhani nimelisahau. Sasa pisha, nina mteja."

Hakukuwa na mteja. Ubeid alijua, na alipisha.

Isale lilifika Alhamisi asubuhi stendi ya Mbezi, limeviringishwa ndani ya jani la mgomba, bado bichi. Saa kumi alasiri Severa alipanda ngazi za ghorofa ya Mtaa wa Sikukuu. Hakuvaa baibui, hakutaka kujifanya mtu mwingine. Alivaa gauni refu na mtandio mwepesi kichwani, kama anavyokwenda kanisani.

"Hodi."

"Karibu. Viatu."

Alivua. Bi Thuraya alikuwa amekaa kwenye zulia, birika la kahawa ubavuni. Ubeid alisimama kwenye mlango wa ndani, na mama yake hakumwambia akae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Likatoka kama sarafu inayodondoshwa kwenye bakuli.

Severa alipiga magoti, akafungua jani la mgomba. Isale lilikuwa refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo katikati. Alimnyooshea kwa mikono miwili.

"Kwetu mtu akimkosea mkubwa, maneno peke yake hayatoshi. Analeta hili."

"Najua ni nini. Mangi wa duka la jirani, Mchagga mwenzako, aliwahi kuniletea, tuligombana kwa ajili ya kibaraza. Nikamwambia mimi si mbuzi. Akakaa mlangoni hadi nikafunga duka." Alimimina kahawa, hakumkaribisha. "Na nikilikataa?"

"Kwetu halikataliwi. Lakini hapa si kwetu. Ukilikataa nitaondoka nalo."

"Kwa hiyo umenijia na kitu kisichokataliwa. Mwanangu, huko si kuomba msamaha, huko ni kuniteka nyara. Liweke chini. Niombe bila hilo."

Severa aliliweka isale kwenye zulia. Bila lile isale hakujua pa kuiweka mikono, akaikunja mapajani.

"Mama, nilikuwa nataka unione. Basi. Kwetu ukienda kutunza unamwonyesha mzazi, ajue unampa heshima. Nilishona gauni kwa ajili yako."

"Nimekuona. Dar nzima imekuona."

Kwenye mlango Ubeid akainua mguu kama anayetaka kusogea. Mama yake akainua kidole, mguu ukarudi chini.

"Nijibu moja. Hukusikia wimbo unasema nini? Kiswahili si unakijua?"

"Nilikuwa siusikii wimbo," Severa alisema. "Nilikuwa namsikia yeye."

Chini barabarani mkokoteni ulipita, na mtu akauza maji kwa kipaza sauti.

"Mimi taarabu nimeijua kabla hajazaliwa huyu," Bi Thuraya alisema, sauti imeshuka. "Mwanamke akipashwa uongo, anakaa, anacheka, na yeye anakwenda kutunza. Nimepashwa mara nyingi, nimecheka mara nyingi. Juzi niliinuka, kwa kuwa ulikuwa ukweli." Akanywa. "Ubeid, mletee mgeni kikombe. Umesimama kama nguzo ya umeme."

Kikombe kikaja. Severa alikunywa kahawa chungu isiyo na sukari, na hakukunja uso.

"Dini, mtazungumza na wazee, na mazungumzo yenyewe hayatakuwa mafupi," Bi Thuraya aliendelea. "Na yule mtoto, sitaki kusikia tena watu wakimtaja kama mzigo, hata kama mtu mwenyewe ni mimi. Anaitwa nani?"

"Angela."

"Angela." Aliinama, akaliokota isale kwenye zulia, akaligeuza geuza. "Hili linawekwa kwenye maji?"

"Ukipenda, mama."

"Kesho wajomba wanakaa. Kwenu Rombo, basi linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Mapema hivyo. Magoti yangu yatalalamika."

Ubeid alimsindikiza. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, mahali ambapo mwanga unaingilia tundu za matofali, alimshika kiganja.

"Severa. Mpenzi. Nisamehe."

"Wewe?" Hakuutoa mkono, lakini hakuangalia upande wake. Alikuwa anajitahidi kutocheka, na machozi yalikuwa karibu zaidi kuliko kicheko. "Mama yako ameletewa isale ndipo akasamehe. Wewe umekuja mikono mitupu."

"Nitalitoa wapi Kariakoo hii?"

"Hapa hakuna. Liko Rombo, kwenye ua wa baba yangu. Utaliomba kwake mwenyewe, akukatie."

"Na akininyima?"

"Basi utakaa mlangoni," Severa alisema, akashuka ngazi mbele yake, mkono wake ukiwa bado ndani ya kiganja cha Ubeid.