Hatua za Mwisho za Casimir

— Mama Plamedie, weye ungali tu na ile ordinatere? Bamama wanangoja kukupimisha pagne!

Rolly alisimama mlangoni, amenyoa, ananukia. Kesho yake familia yake ingeleta mahari kwa kina Reine, hapahapa Likasi. Reine hakugeuka; mpaka leo alimwita yaya, yaani kaka mkubwa.

— Ngoja kidogo, yaya Rolly. Iko karibu kumaliza.

Kilichokuwa kinaingia kwenye ordinatere, ile kompyuta yake, ni moyo wa marehemu mume wake. Casimir, mchimbaji mwenzake Rolly huko Kambove, aliivaa hata shimoni ile saa ya kuhesabu mapigo na hatua, zawadi ya Reine. Tangu shimo limfukie, mwili ukatolewa siku kadhaa baadaye na saa mkononi, mwaka mzima ilikaa kabatini imezimika. Kazi ya Reine ni kuingiza takwimu za wagonjwa kwenye kituo cha afya. Basi leo, kabla hajawa mke wa mtu mwingine, akaichaji, akamfungulia Casimir hifadhidata yake peke yake, ahamishie humo kila pigo lililobaki kwenye saa, binti yao Plamedie aje alikute. Cheka ukitaka. Mwanamke alipenda, bwana!

Mistari ya takwimu ikakoma. Reine akasoma wa mwisho, ndipo akageuka.

— Yaya Rolly, shimo lilianguka saa ngapi?

— Mambo hiyo tena, siku ya leo? Saa tatu ya asubuyi. Nilikuambia, alikufa palepale.

Reine akafungua simu. Ujumbe wa Rolly wa saa nne ya asubuhi ile hakuwahi kuufuta: «Pole sana Reine. Casimir alishakufa. Tumeacha kuchimba.»

— Moyo wake umesimama saa moja ya jioni, Rolly.

— Ni saa ya Wachina! Inadanganya!

— Na hizi hatua? Saa sita ya midi, mia nne. Saa nane, mia tatu. Alitembea wapi, na mawe iko juu yake?

Hapo ndipo Reine akaelewa, na heri asingeelewa. Saa ile haioni miguu, inahesabu mkono unavyorushwa.

— Alikuwa anagonga, — alisema. — Alikuwa anagonga jiwe, mumusikie. Weye ulisikia?

Rolly akateleza ukutani mpaka chini.

— Nilisikia.

— Mpaka saa ngapi?

— Mpaka jioni. Niliachwa kusikiliza kwa mawe; wenzangu waliniuliza kama iko mulio, nikasema hapana. Reine, nilikupenda mbele ya yeye kukuoa! Akitoka mule, minye ningekupata wapi?

Reine alimlilia Casimir upya, na uchungu ulikuwa mkali kuliko ule wa mazishi. Mwaka mzima alimpikia mtu huyu, akamwita kaka, juzi akamwita mpenzi.

Nje vigelegele vilianza. Bamama, mama yake Rolly mbele, waliingia na vitenge vya pagne mikononi, wakicheka, wakakuta bwana arusi yuko sakafuni.

— Eh! Iko nini humu?

Reine alijifuta macho, akawageuzia ordinatere.

— Mukae, bamama. Nataka niwasomee vile bwana yangu Casimir alifanya siku yake ya mwisho. Na weye, Rolly, usitoke.

Akaanza na saa tatu ya asubuhi, dakika moja baada ya nyingine. Alipofika saa nane, mama mzazi wa Rolly alikuwa ameshavua kitambaa chake cha kichwa cha sherehe; kesho hapakuwa tena na mahari ya kuleta.