Vidole Visivyosikia Kengele

"Nyundo! Nyundo! Uko unasikia?"

Foni ya Motorola, redio ya mkono, ilikoroma mezani. Bulonza akabonyeza kitufe.

"Nasikia, Shefu."

"Dhahabu ya Mwenga inatoka leo. Ndege inaleta bunduki, inabeba dhahabu. Kuko mutu mu ile comptoir ya kununulia dhahabu, anamuandikia rubani. Mushike."

"Mutu gani?"

"Wewe ndiye uko na mashini. Angalia!"

Naam, mashini alikuwa nayo. Kwa watu wa Bukavu, Bulonza alikuwa fundi wa mashini za maofisini. Kwa wakubwa wa Kinshasa, alikuwa Nyundo, jicho na sikio lao. Zamani kazi zote mbili zilitaka miguu: apande kilima na mfuko wa bisibisi, abishe hodi, afungue mashini, huku masikio yakifanya kazi ya pili.

Kisha ikaja modemu.

Kidude hicho kilikaa kando ya simu, kikapiga mluzi, na kompyuta ya mteja ikafunguka mbele yake katika chumba cha kukodi, mtaa wa Muhumba. Anatengeneza bila kuinuka. Anapeleleza bila kuinuka. Maendeleo hayo, jamani! Panya tu ndio waliomjua sura.

Hakuna aliyemwambia tena "karibu". Hilo lilimuuma, na "karibu" aliyoikosa zaidi ilikuwa ya Séraphine, karani wa comptoir hiyo hiyo ya dhahabu. Mjane yule hakukosa kumwekea chai na kiazi kitamu.

"Ikala kwanza, Papa Bulonza," alikuwa akisema, akimvutia kiti cha wageni. "Mashini haina njaa."

Sasa herufi zilianza kutembea kwenye kioo.

RUBANI. SHUKA UWANJA WA KAVUMU JIONI. MZIGO TAYARI.

Juu, jina la anayeandika: SÉRAPHINE.

Bulonza akalisoma jina hilo mara mbili.

"Shefu, mashini inasema iko Séraphine. Lakini..."

"Lakini nini? Mashini haidanganyake. Natuma jeep."

Watamvunja mifupa kabla hawajamuuliza jina. Bulonza alilijua hilo. Watu wengine walishapanda jeep ile kwa neno lake, na hakuwahi kuwaona tena.

Kengele ya kanisa kuu ikalia. Saa sita mchana.

Bulonza akashtuka. Kengele hiyo ikilia, Séraphine huacha kila kitu. Husimama, akasali sala ya Malaika wa Bwana mpaka mwisho, hata bosi akifoka. Siku moja alimwacha Bulonza ameshika kikombe kitupu, akamaliza kusali ndipo akammiminia chai.

Kengele ikaendelea kulia.

Herufi nazo zikaendelea kutembea.

"Haiko yeye, Shefu!"

"Unajuaje?"

"Saa hii anasali!"

Hakungoja jibu. Bastola ya Browning ndani ya mfuko, chini ya bisibisi, na foni juu yake. Vespa ikanguruma. Aliteremka, akapanda, kuku wakatawanyika, mama wa mboga akamtukana kwa lugha ya Mashi. Aliomba jeep isimtangulie.

Akausukuma mlango wa comptoir.

Kwenye kiti cha Séraphine, mbele ya mashini yake, alikaa Apollinaire, mkurugenzi, saa ya Seiko ya dhahabu mkononi.

"Fundi? Sikukuita."

"Zamani mulikuwa munaniita."

Mkono wa Apollinaire ukakimbilia droo. Kufumba na kufumbua, Browning ilikuwa shingoni mwake.

"Jaribu."

Hakujaribu. Macho yalimtoka pima. Bulonza aliusoma ujumbe kwenye kioo, kisha akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuutuma. Acha rubani ashuke. Askari watampokea Kavumu.

Jeep ikafunga breki nje. Bulonza akawaonyesha mtu wao, nao askari wakambeba Apollinaire mzimamzima.

Ndipo Séraphine akatoka chumba cha nyuma na sinia ya chai, rozari ingali mkononi. Aliiona bastola. Akaona askari wakimpigia Bulonza saluti.

"Walikuwa wanakuja kukukamata wewe," Bulonza alisema. "Nilijua haiko wewe. Juu ya kengele: saa ile unasali."

Séraphine hakuiweka sinia mezani.

"Kumbe. Ile chai yote, siku zile zote, ulikuwa unatusikiliza?"

Bulonza alitazama kiti cha wageni, akangoja aambiwe akae. Alikitamani kiti kile kuliko medali yoyote.

"Asante, citoyen," alisema Séraphine; si Papa tena, ni raia tu, kama mtu anayejibu kwenye dirisha la ofisi ya serikali. Akarudi nyuma na sinia yake.

Foni ikakoroma mfukoni: "Kazi muzuri, Nyundo. Rudi kwa mashini."

Bulonza aliirudisha Browning chini ya bisibisi, akafunga kifungo cha koti lake la abakosti, akatoka polepole kama fundi aliyemaliza kazi. Hakuna aliyemwita arudi.