Kitenge Kilichobaki Kambani

Rosine, rafiki yangu wa mtaa wa Shard End, huku ughaibuni, hapendi kuyasimulia haya, na akiyasimulia hutazama pembeni.

Mama mkwe wake alifariki wakati wa ile baridi kali, siku aliyofua kitenge chake cha kumbebea mjukuu. Kitenge kikaganda uani, kikakakamaa kambani kama ubao. Rosine alitaka kukianua, lakini mumewe, Mardochée, akamzuia.

"Mama Ciza, nguo ya mama haiguswi mpaka tuvunje matanga."

Basi kikaachwa kule nje, cheupe kwa barafu. Ndani, mtoto Ciza alilia kutwa kucha. Alizoea kulala mgongoni kwa bibi yake, na mgongo wa Rosine aliukataa.

Kisha baridi ikapungua, upepo na mvua vikaingia. Jioni moja, giza likiwa limeshatanda, Rosine alikuwa jikoni akikisikiliza kitenge, sasa kimelainika, kikipiga ukuta, pwa, pwa, machozi yakimtoka. Ghafla mlio ukakoma, ingawa upepo ulizidi kuvuma. Na mtoto akanyamaza.

Alikimbilia kitandani. Ciza alikuwa amelala fofofo, miguu ameitanua kama aliyebebwa.

Rosine akatoka uani, mvua ikimchapa. Kamba ilikuwa ikiyumba, lakini kitenge kilining'inia tuli, kama kilicholemewa na mzigo. Akasahau katazo la mumewe, akakishika. Kilikuwa kimelowa chapachapa, kinachuruzika maji, isipokuwa katikati, pale anapokaa mtoto.

Pale palikuwa pakavu, na palikuwa na joto.