Nywele kwenye Ndoano

Nilitumwa sanduku tu. Sanduku dogo la mbao, la kuwekea manyoya na uzi.

Aliyenituma ni Tharcisse Kazadi, jirani yangu kwa miaka kumi na tisa pale Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Siku hiyo alikuwa stesheni ya Kolwezi pamoja na mkewe Mbelu na binti yao Simone, wanalala chini usiku wa kumi na moja wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Ulikuwa mwaka 1993. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakitolewa majumbani mwao, na vijana walisimama kwenye njia panda za cité, mitaa ya wenyeji, kuhakikisha hakuna anayerudi. Mimi ni Mluba wa Manono, mtu wa Katanga hii hii. Mimi ningepita.

"Tata Gracien," aliniambia, "sanduku iko chini ya meza ya kazi. Uniletee. Kule tunaenda sina kitu, na hii mikono haiyui kazi ingine."

Nikakubali. Ningekataaje? Asubuhi ile walipotolewa, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia langu, kimya, nikitazama godoro lao likitupwa barabarani.

Nilipoinuka alinishika mkono.

"Ingia mbele jua haiyazama. Na kama mutu anakuuliza kitu mule ndani, usimuyibu."

"Mutu gani? Nyumba iko bure, hamuna mutu."

Alimtazama mkewe. Mbelu akageuza uso.

Tharcisse alikuwa fundi wa umeme mgodini, lakini wazungu walimjua kwa jambo lingine. Kila likizo mainjinia walirudi kwao kuvua samaki anayeitwa salmoni, nao walimvua kwa nzi wa bandia: ndoano iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na kitu chenye uhai. Mmoja wao alimfundisha Tharcisse kufunga. Mwaka haukuisha, mwanafunzi akampita mwalimu. Walimweleza mto wao ulivyo, maji mazito kama chai au meupe kama kioo, siku ya mawingu au ya jua, naye alifumba macho kidogo, kisha akachagua. Maji meusi, unyoya wa kanga na uzi wa njano. Maji meupe, kitu chembamba cha kijivu. Hawakurudi hata mara moja kulalamika.

Jioni nyingi niliketi karibu naye, nikimshikia uzi. Siku moja nilimuuliza siri yake.

"Ile samaki, wakati inapanda mto, haikulaka," alisema. "Haina njaa. Sasa utaidanganya na chakula namna gani? Unaiita tu. Kila moya iko na rangi yenye inaiita."

"Nani alikufundisha ile? Muzungu?"

Alielekeza kidole upande wa mto Lualaba. Akacheka. Nami nikacheka.

Basi nilitoka stesheni mchana, jua bado juu, lakini njia panda ya Musonoi vijana walinizuia. Jina lako? Kijiji cha baba yako? Unatafuta nini kwa nyumba za watu? Waliniachilia wakati jua limeshagusa milima ya udongo wa mgodi. Nilikwenda mbio. Haikusaidia. Nilipofika kwa Tharcisse, kulikuwa na wekundu kidogo tu angani.

Mlango ulikuwa umeng'olewa. Madirisha pia. Hata mabati ya jikoni yalikuwa yameondoka. Niliinama kupita, na kitu kikanigusa nyuma ya sikio, chepesi, cha baridi, kama utando wa buibui. Nikakipangusa.

Ndani kulinuka vanishi. Vanishi mbichi, ile ya kumalizia nzi. Na chini ya vanishi… harufu ya tope la mto.

Kisha nikasikia.

Krrr…

Kimya.

Krrr… krrr…

Sauti hiyo niliijua. Ni uzi unapozungushwa kwenye ndoano.

Nilifika kwenye chumba cha nyuma. Waporaji walikuwa wamebeba kila kitu isipokuwa meza ya kazi. Mbele ya meza aliketi mwanamke, amenipa mgongo. Kikwembe alichojifunga kiunoni kilikuwa kimelowa, kinachuruzika sakafuni. Hakuwa na taa. Alikuwa anafunga nzi gizani, vidole vyake vinakwenda bila kusita.

Mdomo wangu ulinitangulia.

"Mama Mbelu?"

Vidole vikasimama.

Hapo nikakumbuka onyo la Tharcisse. Nilikuwa nimeshasema.

"Mbelu iko stesheni," mwanamke alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. "Kazadi anaacha mayi ya mto yangu?"

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikamjibu.

"Banamufukuza, mama. Haiko kupenda yake."

"Miye sikumufukuza."

Krrr… Akamaliza fundo. Tik. Akakata uzi kwa mkasi mdogo.

"Nilimupa mikono," akasema. "Tulipatana. Siku ataacha mto, mutu moya atabaki na miye. Kuya uone."

Sikusogea kwa hiari yangu, nakuapia, lakini nilijikuta mezani. Nzi watatu walikuwa wamepangwa juu ya ubao. Niliinama. Hawakuwa wa manyoya.

Walikuwa wa nywele.

Wa kwanza, nywele za mvi, fupi, ngumu. Nilizijua: za Tharcisse. Wa pili, nywele laini zilizosukwa na uzi mwekundu. Siku ile mchana nilimwona Simone stesheni, nywele zake zimesukwa kwa uzi mwekundu, anachezea kifuniko cha chupa. Alikuwa na miaka saba. Wa tatu, yule aliyetoka kumalizwa, alikuwa mweusi, na vanishi yake bado inang'aa. Nikasema moyoni, huyo ni Mbelu.

Miguuni pa mwanamke kulikuwa na beseni la maji.

"Chagua," alisema.

"Mama, nakuomba…"

"Hauchague? Basi nitatupa yote tatu."

Akanyoosha mkono. Vidole vilikuwa vimekunjamana, vyeupe kwenye ncha, kama vya mtu aliyekaa majini siku nyingi. Vikawakusanya nzi wote kwa pamoja. Uzi mwekundu ukaning'inia juu ya beseni.

"Ngoja!"

Nikaonyesha kwa kidole.

Wa mvi.

Kama ni dhambi, Mungu anajua ningeweza kufanya nini kingine. Mimi mpaka leo sijui.

Alimtia yule nzi majini taratibu, ameshika uzi wake kati ya vidole viwili. Beseni lile halikufika kina cha kiganja. Lakini uzi ulizama. Ukazidi kuzama. Kisha ukakaza ghafla, ukaanza kutetemeka, kama kuna kitu kizito kimeshika upande wa pili.

Mwanamke akaanza kuvuta.

Nililikwapua sanduku chini ya meza na kukimbia. Sikumwona uso, wala sikutaka.

Nilifika stesheni giza limeingia. Watu walikuwa wamesimama duara karibu na bomba la maji, kando ya reli. Mbelu alikuwa katikati, chini, Simone mgongoni mwake analia.

"Alikuwa hapa, anakula na sisi," Mbelu aliniambia. "Akashika mudomo yake. Akasimama. Nikamuita, 'Baba ya Simone, unaenda wapi?' Hakugeuka. Alienda tu, kichwa mbele, kama mutu banamuvuta na kamba."

Walimkuta amelala kifudifudi katika dimbwi dogo la bomba. Maji hayakufika hata masikioni. Muuguzi wa shirika la msaada alisema ni moyo, au homa. Wiki ile stesheni ilikuwa inazika watu kila siku, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza sana. Lakini mimi ndiye niliyemfunika Tharcisse uso. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tundu dogo. Nyama ilikuwa imechanika kuelekea nje.

Treni ilikuja siku ya tatu. Niliwasaidia kupanda, nikawapa sanduku kupitia dirishani. Mbelu hakulipokea.

"Ulimuyibu," alisema.

Sikuweza kusema uongo. Nilimweleza yote, hata kidole changu. Alisikiliza bila machozi.

"Nzi ilikuwa ngapi?"

"Tatu. Ya Tharcisse. Ya mutoto. Na yako."

Mbelu akavua kitambaa kichwani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama kiganja.

"Sababu ya homa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilinyoa mbele ya siku banatufukuza. Ile ya tatu haikuwa yangu, tata Gracien."

Treni ikatingishika. Mbelu akatoa mkono dirishani, akanigeuza kichwa taratibu, kama mama anayetafuta kidonda kwa mtoto. Akagusa nyuma ya sikio langu. Vidole vyake vikaruka kama vimeungua.

"Nani alikukata hapa?"

Nilipapasa. Palikuwa laini. Pana kama sarafu, pamekatwa safi kabisa.

Alifunga dirisha kabla treni haijaondoka. Sikumlaumu. Simone alinipungia mkono kupitia kioo.

Wiki ile ile nilimchukua mke wangu Fidélie, tukahamia Kasaji, mbali na Lualaba. Nililima mihogo. Sanduku nililizika bila kulifungua. Nywele zilichukua mwaka mzima kuota, na zilipoota nilianza kulala.

Jumapili iliyopita, kabla ya kwenda kanisani, Fidélie alikuwa ananichana. Mara kitana kikasimama upande wa pili wa kichwa, nyuma ya sikio lingine, mahali palipo laini.

"Gracien," aliniambia. "Na hii fasi, nani alikukata?"