Vijiti vya Kiota cha Kasa

Sogeeni, masikio wazi! Mbeyu yuko taabuni.

Mbeyu anaishi karibu na ufuo mweupe. Zamani kidogo, ufuo ulizungushiwa mabati. Watoto walichungulia tu kwenye matundu.

Watu walilalamika, wakalalamika, mpaka mabati yakang'olewa. Sasa ufuo ni bustani ya wote. Hakuna kujenga, hakuna kuzoa mchanga.

Watoto wakaingia mbio. Usiku mmoja, kasa naye akaingia. Akataga mayai, akayafukia, akarudi baharini.

Mama yake Mbeyu ni mlinzi wa bustani. Alichomeka vijiti kuzunguka kiota, akangoja siku nyingi.

Lakini jana watoto walicheza mpira. Magoli hawana! Mbeyu akang'oa vijiti vya Mama.

"Nitavirudisha," alisema. Mpira ukanoga. Akasahau.

Usiku upepo ukavuma. Vuuu! Mchanga wote ukawa sawa.

Leo ni sherehe ya ufuo. Mafundi wanasimika hema kubwa. Wanapigilia vyuma virefu mchangani.

*Ko! Ko! Ko! Chuma chini.*
*Mayai yako wapi?*

Mbeyu akatazama huku. Mchanga. Akatazama kule. Mchanga mtupu! Moyo ukamdunda, du, du, du.

Achimbe? La! Atayavunja.

*Ko! Ko! Ko! Chuma chini.*
*Mayai yako wapi?*

Nyundo ikazidi kusogea. Mbeyu akakimbia, akakaa mbele yake, pwa!

"Ondoka hapo, mwanangu," alisema Mjomba Nyale, fundi wa hema. "Tuna kazi."

"Siondoki, Mjomba!"

"Kwa nini?"

Kusema ni aibu. Lakini nyundo iko juu, tayari!

"Ni mimi!" akalia. "Ni mimi niliyeng'oa vijiti vya kasa. Sijui mayai yako wapi!"

Mama akaja mbio. Akasikia yote. Uso wake ukakunjamana.

"Acheni kupiga!" akasema. "Hema lihame."

"Lote, Mama Mbeyu? Tumeshafika nusu!"

"Lote."

Mjomba Nyale akajikuna kichwa. Kisha akashusha nyundo, taratibu. Hema likahama. Jua kali, watu wananung'unika. Mbeyu akabeba kamba.

Jua likazama, ngoma za sherehe zikaanza. Mama bado amekunja uso.

Mara, mchanga ukatikisika. Chuku, chuku, chuku.

Kichwa kidogo kikachomoza! Kando tu ya tundu la chuma cha mwisho. Kando tu, jamani!

"Shhh," akanong'ona Mjomba Nyale. Ngoma zikanyamaza.

Kasa wadogo wakatoka, mmoja, mwingine, tena wengi. Wakatambaa, taka-taka, taka-taka, mpaka majini.

Mbeyu akacheka huku akilia.

Nyumbani, Mbeyu akapanda kitandani.

"Mama, bado umekasirika?"

"Nimekasirika kidogo."

"Na kesho?"

"Kesho twende wote ufuoni. Kasa mwingine akija, utachomeka vijiti wewe mwenyewe."

"Na nani atavilinda?"

"Wewe."

Mama akamvuta karibu, akambusu. Mbeyu akalala fofofo.