Mshale wa Mwalimu Blandina

Kila siku baada ya mapumziko, Zuhra aliwatangulia wenzake wa darasa la saba kufungua chumba cha kompyuta cha shule yao, huko Mbuchi katika delta ya Rufiji. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa utepe wa bluu. Alifuta vumbi mezani, akawasha umeme wa sola, kisha kompyuta, na mwisho projekta. Wenzake walipokwisha kuketi, mshale mweupe ulitokea ukutani na kuanza kutembea wenyewe.

Aliyeuongoza mshale huo alikuwa Mwalimu Blandina, aliyekaa Kibiti mjini. Shule haikuwa na mwalimu wa hisabati, na maji yalipokupwa boti hazikupita. Kwa hiyo alitumia programu maalumu kuiongoza kompyuta ya Mbuchi akiwa mbali, huku sauti yake ikisikika kwenye spika.

"Kondo, soma jibu lako, na usilimeze!" alikuwa akisema, na darasa zima lilicheka.

Kondo aliketi dawati moja na Zuhra. Alipenda hisabati, na alipenda kujua kila kitu kimeundwaje. Aliwahi kukifungua kipanya cha kompyuta ili aone kilichomo ndani, akaadhibiwa.

Alasiri moja kompyuta ilianza kuwa nzito. Mwalimu Paschal, msimamizi wa chumba hicho, alikuwa amekwenda mkutanoni. Zuhra aliogopa kuonekana hawezi kazi, akakimbilia nyumbani kuazima simu ya mama yake, akarudi nayo na kumpigia kaka yake, Abdalah, fundi wa kompyuta huko Mbagala.

"Jambo dogo hilo, mdogo wangu," alisema Abdalah. "Weka programu yangu, niingie nikutengenezee kutoka hukuhuku."

Zuhra alifuata maelekezo. Mara maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo: *Leseni ya programu ya masomo hairuhusu kompyuta hii kuongozwa kwa programu nyingine yoyote kutoka nje. Ukikiuka, huduma itasitishwa.*

"Kaka, inakataa."

"Inakataa au inaonya?"

"Inaonya."

"Basi bonyeza *Nakubali*. Nani husoma maneno yale?"

Zuhra alikuwa ameyasoma yote. Hata hivyo alibonyeza. Abdalah aliingia, akafuta takataka zilizoilemea kompyuta, akaaga.

Kesho yake, Mwalimu Blandina alipokuwa akigawanya sehemu, mshale ulisimama ghafla. Sauti yake ilikatika. Ukutani yakabaki maneno mawili: *Leseni imesitishwa.*

Mwalimu Paschal alizungumza na Kibiti kwa simu, kisha akalikabili darasa. "Kuna programu ngeni humu, nasi tulikatazwa. Nani ameiingiza?"

"Si huyo Kondo aliyempasua kipanya tumbo!" alisema mmoja kutoka nyuma. "Jana zamu ya kufagia chumba ilikuwa yake."

Darasa lilicheka, lakini Mwalimu hakucheka.

"Wallahi mie sikugusa, mwalimu," alisema Kondo. Alimgeukia Zuhra, kwa maana mwenye ufunguo ndiye aliyejua nani aliingia na nani alitoka. Zuhra aliinamisha kichwa, akaushika utepe wake kwa vidole.

"Kondo, hutaingia humu mpaka ukweli ujulikane," alisema Mwalimu Paschal.

Wiki zilipita. Mtihani wa taifa ulikaribia, na ukuta ulibaki mtupu. Wanafunzi walinakili maswali ya zamani ambayo hakuna aliyeweza kuwasahihishia. Kondo hakuonekana tena shuleni. Mama yake, Bi Zamda, alikuwa akimchukua kuchimba kaa kwenye matope ya mikoko. "Shule imemwita mwongo," aliwaambia majirani. "Matope hayamwiti hivyo."

Zuhra alipoteza hamu ya kula. Mara mbili alifika mlangoni kwa Mwalimu Paschal, na mara zote mbili alirudi.

Siku moja mjomba wake, Sadallah, alikuja kuzungumza na baba yake, Mzee Bashiru, ambaye alikuwa mkata boriti za mikoko.

"Shemeji, kibali unacho," alisema Sadallah. "Niache nikate kwa kibali chako. Miti ni ileile. Nani atajua?"

"Kibali kina jina langu na eneo langu, shemeji. Kukupa wewe hakumo."

"Ah! Hata mimi, niliyekuozesha dada yangu?"

"Hata wewe. Dada yako nilipewa kwa masharti, na masharti yake bado nayashika," alijibu Mzee Bashiru, na wote wawili wakacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Nilisema ndiyo mbele ya bwana misitu. Nikikuingiza, kikundi chetu chote cha wakata boriti kitafungiwa, hata yule ambaye hajainua shoka."

Zuhra, aliyekuwa akipepeta mchele kando yao, aliuweka ungo chini. Machozi yalimtoka. Mjomba alipoondoka, alimweleza baba yake kila kitu.

"Mwalimu utamwona," alisema Mzee Bashiru. "Lakini aliyeumia kwanza ni Kondo. Twende."

"Baba, nimpigie mama yake simu?"

"Radhi haiombwi kwa mbali, mwanangu."

Walimkuta Kondo matopeni, mkono umezama hadi begani kwenye shimo la kaa. Zuhra aliingia kwenye matope, akaungama, akaomba radhi.

Kondo aliutoa mkono taratibu. "Ulikuwa umekaa kando yangu," alisema. "Ukanisikia nikisema wallahi."

Asubuhi iliyofuata Zuhra alisema ukweli mbele ya darasa, baba yake akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu Paschal naye alimwita Kondo na mama yake, akamwomba radhi hadharani, kwa kuwa alimhukumu bila kuchunguza. Programu ngeni iliondolewa. Mwalimu Blandina aliwaeleza wenye programu ya masomo jinsi mambo yalivyokuwa. Walikagua kompyuta, wakaifungua, wakaonya kwamba shule ikikiuka tena haitafunguliwa.

Mshale ulitikisika ukutani, lakini hakuna aliyepiga makofi. Masomo ya wiki zile yalikuwa yamepotea, na mtihani haukuwasubiri. Kondo alirudi, akachagua dawati la mbele, peke yake.

Zuhra aliuvua utepe wa bluu na kuuweka mezani. Mwalimu Paschal aliutia ufunguo mfukoni mwake.

"Zuhra," alisema, "ulipobonyeza *Nakubali*, ulitoa neno la shule nzima. Masharti ya leseni ni ahadi kwa mtu usiyemwona. Usipoyapenda, uliza au kataa, lakini usikubali kwa kidole huku moyo ukikataa. Kompyuta nzito tungeitengeneza kwa siku moja. Kimya chako ndicho kilichotugharimu zaidi, na gharama yake kubwa ameilipa mwenzako."

"Nimeelewa, mwalimu."

Spika ikakwaruza. "Kondo," ilisema sauti kutoka Kibiti, "tuliishia kwenye kugawanya sehemu. Upo?"

Kondo alisimama. "Nipo, mwalimu," alijibu, na mshale ukaanza kutembea.